Kondansata na Chumvi ya Kapata

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na tatu. Barua ya kampuni inasema macho yangu yamechoka, na kwa kuwa barua hiyo imegongwa mihuri mitatu, nimeanza kuvaa miwani ili nisiiaibishe. Ninyi mliobaki katika karakana ya elektroniki mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu ununuzi wa vipuri, kwa sababu inasemekana hakuna aliyenunua vibaya kuliko mimi tangu karakana ifunguliwe. Ombi hilo ni la haki, nami nitalitimiza kwa utaratibu. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa navyo viliniruka.

Nilifika Kolwezi nikitoka chuoni Lubumbashi na diploma mpya, abakosti moja ya kijivu, lile koti la serikali lisilofungwa tai, na imani thabiti kwamba maovu yote ya Zaire yalitokana na watu kusaini karatasi bila kuzisoma. Mimi nilikuwa nimeamua kuzisoma zote. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya magazini, yaani ghala, ya kampuni, chenye meza ndefu mbili na dirisha lililotazama vilima vya mawe ya mgodi. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kadi: yale mabamba membamba yenye vipuri vidogo vilivyoshikizwa kwa lehemu, ambayo huamrisha mashine kubwa. Kadi moja huamua lini pampu ivute maji. Nyingine huamua lini breki ya kizimba ishike, na kizimba ni kile chumba cha chuma kinachowashusha wachimbaji shimoni na kuwapandisha. Mtu anaweza kuifunika kadi hiyo kwa kiganja. Shimo hawezi kulifunika, na tofauti hiyo ndiyo mada ya maandishi haya.

Aliyenipokea ni mzee tuliyemwita Tata Banza, fundi mkuu, mtu mfupi aliyejifunza elektroniki kwa kutengeneza redio za misheni kule kaskazini kabla sijazaliwa. Nilitarajia anikabidhi chuma cha kulehemia. Alinikabidhi sanduku la vipuri na mita yenye kioo kilichopasuka, akaniambia nipime kimoja kimoja hadi jioni.

"Citoyen, usiandike ile iliandikwa juu yake," alisema, akiniita raia kama tulivyoitana wote siku hizo. "Andika ile mita inasema."

Jioni nilimletea orodha. Vipuri vinne tu, nilimwambia, ndivyo vilivyosema jambo moja na kupimwa jingine. Akanijibu kwamba vinne vinatosha kuua kadi nne, na kwamba kesho kulikuwa na sanduku jingine. Niliendelea hivyo kwa majuma matatu. Chuoni nilikuwa nimepata alama za juu katika nadharia ya makosa; hapakuwa na mtihani wa kuyatafuta kwa mkono.

Kulikuwa pia na mbabula karakanani, jiko dogo la makaa kama lile la nyumbani kwenu. Nilidhani ni la bukari, ugali wetu wa mchana, na kweli bukari ilipikwa hapo, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa nyingine. Tata Banza aliweka kigae kando ya makaa, akapanga vipuri juu yake vikiwa na umeme ndani, akaviacha siku nzima huku akivipima kila saa. Nilipomwuliza ametoa wapi kanuni hiyo, alisema mtu aliyetengeneza vipuri hivyo alikaa kwenye baridi, ilhali shimo letu lina joto, kwa hiyo ni vizuri kumwuliza moto maoni yake kabla ya kumpelekea kitu. Niliandika katika daftari langu kwamba njia hiyo si ya kisayansi. Daftari hilo bado ninalo, na ninyi mkitaka kucheka mtalikuta kwa mke wangu.

Chombo chake cha tatu kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kila kadi iliyotoka karakanani ilikuwa na ukurasa wake, na katika ukurasa huo Tata Banza aliandika kila kipuri kilikotoka, hadi namba ya kopo. Nililiona jambo hilo kuwa burudani ya mzee. Shikeni hili kabla sijaendelea: mkisahau yote mengine, andikeni kipuri kilikotoka. Kikishalehemiwa hakitawaambia tena.

Hapa inanipasa kueleza habari za makopo, kwa sababu hayamo katika kitabu chochote cha chuo. Kondansata, kile kipuri kidogo mfano wa pipa ambacho hushika umeme kwa kitambo na kuuachia, huchukia unyevu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa Ulaya walituletea kondansata ndani ya makopo ya bati ya rangi ya buluu, yenye kifuniko kilichobana hata pumzi isipite. Mtunza magazini, Tata Mwepu, alikuwa mtu wa ibada, mpole, asiyewahi kuiba hata msumari. Makopo yalipofika aliyapaka namba kwa rangi nyeupe ubavuni, akampa Tata Banza vipuri vya kadi kwa kutaja namba ya kopo, akavimwaga vilivyobaki katika sanduku moja la mbao, na kopo tupu akalipeleka nyumbani Kapata, mtaa wa wafanyakazi. Sababu ilikuwa chumvi. Majira ya mvua, chumvi ya Kapata huwa maji; lakini ndani ya kopo la buluu ilibaki kavu kama siku iliyonunuliwa. Mke wake, Mama Ngoie, aliyagawa makopo hayo kwa wanawake wenzake wa kwaya, mmoja baada ya mwingine, kwa haki ambayo sijaiona katika idara yoyote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Kapata ilikuwa na chumvi kavu, na kampuni ilikuwa na kondansata zenye unyevu, na pande zote mbili zilimheshimu Tata Mwepu.

Magazini yalipokosa kitu, Tata Banza alikuwa na desturi ya kwenda mtaa wa Manika kwa Baba Amisi. Familia ya Baba Amisi ilikuja kutoka pande za Kasongo na biashara ya vitambaa, na yeye mwenyewe aliuza tochi, betri na redio, akinunua redio zilizokufa na kuuza viungo vyake. Nilipogundua kwamba vipuri vya sokoni vilikuwa vimeingia katika kadi za kampuni, sikulala vizuri. Niliandika waraka. Uliagiza kwamba kuanzia siku hiyo hakitapokelewa kipuri chochote kisicho na hati ya mtengenezaji, na ulimalizika kwa maneno haya, ambayo nayakumbuka kwa sababu niliyapenda sana: "Kipuri kisicho na karatasi ni kipuri kisicho na maadili." Mkurugenzi aliusaini bila kuusoma, jambo lililonisikitisha kidogo, lakini si kiasi cha kuukataa.

Kwa kuwa niliamini mtu anastahili kuambiwa ubaya wake usoni, nilikwenda mwenyewe Manika kumjulisha Baba Amisi. Alinikaribisha kwenye kiti, akaninunulia chai, akasikiliza waraka wote hadi mwisho.

"Na ile ya ku Bulaya inakuwaka na karatasi?" aliuliza.

Nilimwambia ndiyo.

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema kipuri ni kizuri."

"Kila siku?"

"Kila siku, Baba."

"Basi mi biashara yangu ni mubaya kweli," alisema. "Miye bingine ninasemaka ni bibovu."

Niliondoka nikimhurumia.

Miezi michache baadaye kondansata za kadi kubwa zilikwisha. Mtengenezaji wetu wa siku zote alitutumia shehena moja ndogo, akasema iliyobaki tuingoje miezi minane. Wakati huohuo ilifika barua kutoka kwa muuzaji wa kati, mtu wa Ulaya ambaye hakutengeneza chochote ila alikuwa na kila kitu, akiahidi kondansata zilezile za mtengenezaji yuleyule kwa majuma sita. Mtu anapokuwa na kitu ambacho mwenye kiwanda hana, ni vyema kujiuliza amekipata wapi. Mimi nilijiuliza tu kama ana hati. Alikuwa nayo. Ilifika pamoja na makopo, ikiwa na muhuri wa rangi ya dhahabu na utepe mwekundu, nami niliisoma mara tatu, kila neno, kama nilivyojiahidi.

Tata Banza hakuisoma. Alichukua kondansata moja, akaigeuza dirishani, akasema miguu yake ina mikwaruzo, kama miguu iliyowahi kulala katika kadi nyingine. Aliomba ruhusa ya kuipasua. Nilimweleza kwa adabu kwamba kuharibu kipuri chenye hati ni kumtukana mtengenezaji, na kwamba hatungekuwa na sababu za kutosha tukiulizwa. Alitaka angalau kuviweka kando ya mbabula siku moja. Nilisema hati inaonyesha vimekwisha kupimwa. Kisha nikasaini fomu ya mapokezi: Citoyen Kalenga, injinia, imeonekana sawa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyofuatana. Juma moja baada ya Pasaka, pampu ndogo ya uwanjani, ambayo kazi yake ilikuwa kumwagilia maua mbele ya ofisi, ilikataa kusimama. Ilimwagilia maua, ikamwagilia ngazi za ofisi, ikamwagilia gari la mkuu wa utumishi, hadi mtu akakata waya. Tulipoileta kadi yake, kondansata moja ilikuwa imetapika. Tata Banza alitoa wembe, safari hii bila kuomba ruhusa, akaipasua ngozi yake ya plastiki. Chini ya ngozi hiyo palikuwa na ngozi nyingine, ya kijani, iliyofifia, yenye tarehe ya miaka mingi nyuma na kipimo cha umeme nusu ya kile kilichoandikwa juu. Kilikuwa kipuri kikuukuu kilichovalishwa nguo mpya. Tata Banza alikiweka mezani mbele yangu, akaenda kunawa mikono. 

Nilifungua kitabu cheusi. Kadi ya pampu: kondansata, kopo la tisa. Kisha nikatafuta ukurasa wa kadi ya breki ya kizimba, iliyotengenezwa mwezi uleule: kondansata, kopo la sita. Nilikwenda kwa Tata Mwepu kuuliza kopo la sita lilikuja na shehena ipi, ile nzuri ya mtengenezaji au ile ya mtu wa utepe. Fomu za mapokezi hazikusema, kwa sababu namba ziliwekwa na yeye baadaye. Lakini makopo yenyewe yangesema: yale ya mtengenezaji yalikuwa na chapa iliyogongwa kwenye bati la kitako, na yale ya muuzaji wa kati yalikuwa na kibandiko cha karatasi mahali hapohapo. Nilimwomba anionyeshe kopo la sita.

"Kopo gani, Citoyen?" alisema Tata Mwepu. "Hapa kuko paka bisanduku," yaani masanduku tu.

Alikuwa na sababu ya kukana. Kutoa mali ya kampuni nje ya uzio, hata bati tupu, lilikuwa kosa la kufukuzwa, nami ndiye niliyebandika ukutani tangazo la kulikataza.

Nilikwenda kwa mkuu wa shimo nikamwomba asimamishe kizimba ili tuifungue kadi. Aliniuliza kama nilijua ni shaba kiasi gani ingebaki chini kwa kila saa kizimba kikisimama. Sikujua. Akasema yeye anajua, na mimi nimweleze sasa ninachokijua. Nilisema najua kwamba sijui kilichomo ndani ya kadi ile. Akanijibu kwa utulivu kwamba kama kutojua kungekuwa sababu ya kusimamisha kazi, nchi nzima ingekuwa imelala tangu zamani. Nilete ushahidi, naye angesimamisha. Hadi wakati huo kizimba kingeendelea kushusha watu, zamu tatu kwa siku.

Ndiyo sababu Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda Kapata kutafuta kopo la chumvi.

Nawasihi msifanye kama nilivyofanya. Nilivaa abakosti, nikachukua daftari, nikaanza nyumba ya kwanza ya safu ya kwanza, nikijitambulisha kwa jina na cheo, nikieleza kwamba natafuta makopo ya buluu ya kampuni kwa uchunguzi. Kufikia nyumba ya nne habari zilikuwa zimenitangulia. Kufikia nyumba ya kumi hapakuwa na kopo Kapata yote. Katika kila jiko chumvi ilikuwa wazi katika sahani, karibu na mbabula, ikianza kutoa maji, na kila mama alinihakikishia kwamba imekaa hapo tangu ukoloni.

"Siye chumvi yetu inaikalaka mu sahani," aliniambia mmoja. "Inapataka hewa."

Mwingine aliniuliza kama kampuni, iliyoshindwa kuleta bunga, unga wa bukari, mwezi ule, sasa imekuja kuhesabu chumvi. Wasichana waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, uani waliacha kutwanga ili wasikie jibu. Nikaenda nyumba iliyofuata.

Mchana nilifika nyumbani kwa Mama Ngoie. Mume wake alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Niliona kofia yake ikipita juu ya ua. Mama alinipa kiti na maji, akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyechafua sare.

"Unatembea mu manyumba ya bantu na kitabu, sawa mutu wa kodi," alisema, "na unataka bakuonyeshe bitu?"

Nilianza kumweleza habari za kizimba, shehena na chapa. Akanikatiza. Aliuliza kopo hilo nikilipata nitalifanya nini. Nilisema nitaligeuza, nitazame kitako chake, basi.

"Na bwana yangu?"

"Jina lake halitakuwa katika ripoti, mama."

"Jina ya nani itakuwa?"

Swali hilo nilikuwa nimelikwepa tangu siku ya wembe. Kama kopo la sita lilikuwa na kibandiko, basi shehena hiyo ilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na saini moja tu. Hapakuwa na Tata Banza ndani yake, wala Tata Mwepu, wala mkurugenzi. Nilikuwa nimezunguka Kapata tangu asubuhi nikitafuta, kwa bidii kubwa, ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

"Yangu, mama," nilisema. "Mimi ndiye nilipokea. Fundi alinikataza."

"Na ile kopo inasema nini juu ya kaji?" aliuliza, akimaanisha kizimba.

"Inasema kama freni itashika," nilisema, nikitumia jina lao la breki.

 Mdogo wake, Numbi, alikuwa mchimbaji katika shimo hilohilo. Alishuka kila siku kwa kizimba hicho. Mama Ngoie aliinuka, akaenda nyumba ya jirani, na kupitia dirishani nilisikia sauti yake ikiwa chini na sauti nyingine ikibisha. Alirudi na kopo la buluu lililofunikwa kwa kitambaa. Akalifungua, akaimimina chumvi yote juu ya kitambaa hicho, chumvi nyeupe, kavu kabisa, akanikabidhi bati tupu. Ubavuni palikuwa na namba sita kwa mwandiko wa mume wake. Kitakoni palikuwa na kibandiko cha karatasi.

"Kamata," alisema. "Na usikawie. Numbi anashuka saa kumi."

Nilipanda baiskeli, nikapitia karakanani kuchukua vielelezo vyangu. Mkuu wa shimo alikuwa nyumbani kwake, na meza ya chakula ilikuwa bado mbele yake. Niliweka kopo juu ya meza hiyo, na kando yake kitabu cheusi, kondansata iliyopasuliwa, na fomu ya mapokezi. Alivisoma vyote polepole. Nakiri kwamba alisoma vizuri kuliko nilivyomdhania. Mwishoni alibaki na fomu mkononi.

"Saini hii ni yako."

"Ni yangu, mkuu."

"Kizimba kikisimama, fomu hii itaondoka pamoja na ripoti. Kikiendelea, fomu hii ni karatasi tu. Na breki imeshika vizuri mpaka leo asubuhi."

Sikuwa shujaa, msidhani hivyo. Nilifikiria mke wangu, na nyumba ya kampuni tuliyokuwa tumeipaka chokaa majuzi. Nilifikiria pia kwamba ningeweza kuibadilisha kadi kimyakimya siku ya matengenezo, mwisho wa mwezi, na hakuna ambaye angejua. Hesabu hiyo ilikuwa safi isipokuwa sehemu moja: siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi, mara zamu tatu, mara watu waliojaa kizimbani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Iondoke na ripoti," nilisema.

Alinyanyua simu. Zamu ya saa kumi ilishuka kwa ngazi za chuma za dharura.

Tulipoifungua kadi tulipasua kondansata zote sita. Zote sita zilikuwa na ngozi ya kijani chini ya ngozi mpya, na mbili zilikwisha kuvimba. Tata Banza alizipanga mezani, akazitazama, akasema hawezi kujua zingevumilia siku ngapi, na mimi nisijaribu kukisia katika ripoti. Kisha akaniuliza tutaweka nini mahali pake. Magazini hayakuwa na kitu tunachokiamini. Shehena nzuri ilikuwa imechanganyika na mbaya katika sanduku moja. Palikuwa na mtu mmoja tu Kolwezi yote aliyekuwa na kondansata, na mimi ndiye niliyemwandikia waraka.

Baba Amisi alininunulia chai tena. Nilimweleza yote, hata utepe. Hakucheka mbele yangu, ingawa alitoka kidogo nje akakaa huko kwa muda. Aliporudi alimwaga kisanduku juu ya gazeti, akaanza kutenga.

"Hii moja na hii, ninazijua, nilizitoa mu radio ya misheni, nilikuwa nayo miye. Hii tatu zilitoka mu mashine ya ofisi, haikutumika sana. Hii ingine..." Aliisukuma kando kwa kidole. "Hii siijue. Tia mu radio. Usitie mahali bantu banapita."

Hiyo ndiyo hati bora ya ubora niliyopata kuipokea katika maisha yangu ya kazi. Mkinunua, kwa mtu yeyote, wa Ulaya au wa Manika, mwulizeni kile asichokijua kuhusu bidhaa yake. Asiyekuwa na jibu, mwacheni na bidhaa yake.

Baba Amisi alitafuta tena, akapata nyingine moja anayoijua, zikawa sita. Tata Banza alizipima, akazilaza kando ya mbabula usiku na mchana, akazipima tena, akaniacha nizilehemu mimi mwenyewe. Katika ukurasa wa kadi aliandika: kondansata, Amisi, Manika. Kizimba kilisimama siku mbili kamili. Kwa siku mbili watu walishuka na kupanda kwa ngazi, wakibeba taa na chakula, na waliokuwa na umri mkubwa walipumzika kila baada ya vipandio kumi na wakanitukana katika kila pumziko. Waliniita Citoyen Ngazi. Jina hilo lilifika mji wa Tenke kabla ya gari moshi.

Kisha kizimba kikaanza tena, na breki ikashika kama ilivyokuwa ikishika. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa jambo langu. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hapakuwa na ajali iliyozuiwa. Palikuwa na siku mbili zilizopotea, fomu moja, na saini moja. Tume iliyoundwa ilitafuta kwa uangalifu na kuthibitisha kwamba hakuna kilichotokea. Iliuliza kopo la buluu lilipatikana wapi. Nililiokota njiani, nilisema, na huo ndio uongo pekee ulioandikwa chini ya jina langu. Sijuti, ingawa nimejaribu. Waraka wangu kuhusu maadili ya vipuri ulisomwa kwa sauti. Mtu mmoja wa tume aliusifu mtindo wake. Baada ya mwezi mmoja daktari wa kampuni alinitazama macho kwa dakika mbili, na barua ikafuata.

Nimewaachia karakanani kanuni chache, zimebandikwa nyuma ya mlango, na sitazirudia hapa, kwa kuwa mtazisoma kila mkifunga. Tata Mwepu sasa hufungua makopo siku ya matumizi tu, na amepewa sanduku la chuma lenye kufuli. Mama Ngoie hapendezwi nalo. Chumvi yake imelowa.

Juma lililopita nilikutana na Numbi mdogo wake barabarani Manika. Alinisimamisha, akaniuliza kama kweli ni mimi niliyewapandisha ngazi. Nilikubali.

"Dada yangu anasema ulituokoa," alisema. "Mi ninasema ile freni ilikuwa inashikaka tu, kila siku. Paka magoti yangu njo inauma mpaka sasa."

Nilimwuliza ni goti lipi. Alisema yote mawili, hasa asubuhi. Nilimwambia kwamba sijapata kusikia habari njema kama hiyo tangu nistaafu, nikamshika mkono, nikamshukuru. Alidhani namdhihaki. Aliuvuta mkono wake, akaendelea kupanda kilima polepole, akinung'unika, akisimama kila hatua chache kujikanda magoti.